Jiwe Kwenye Jicho la Chemchemi

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Anayeijua anaijua, na asiyeijua amshukuru Mungu wake alale salama. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, na Wizara ya Mvuke na Mambo ya Kale, na kwamba kaskazini yake, chini ya vilima vyekundu, upo mji uitwao Fukutoni.

Fukutoni ni mji wa kihistoria. Hilo halina ubishi, maana limeandikwa kwenye ukuta wa posta, kwenye ukuta wa soko, na kwenye mlango wa choo cha stendi. Miaka mia iliyopita gavana mmoja wa kigeni, mwenye jongo lililomvimbisha kidole gumba cha mguu kikawa kama kiazi, alitumbukiza miguu katika chemchemi ya moto iliyokuwa ikitoka ardhini pale, na jioni yake akacheza dansi. Kwamba wenyeji walikuwa wakioga mle tangu enzi za babu za babu zao, wakapona migongo na magoti bila kucheza dansi yoyote, hilo halikuandikwa popote. Jongo lao halikuwa la kiserikali.

Gavana akajenga hodhi la vigae vya buluu. Alipofungasha virago, hodhi likaangukia mikononi mwa Klabu ya Huduma Tukufu ya Fukutoni, na hapo ndipo balaa lilipopata mwenyewe.

Klabu ilikuwa na wanachama thelathini na wanane, wote watu wazito: mkurugenzi wa mji, daktari wa mifugo, wenye maduka ya jumla, na mwenye kiwanda cha saruji. Kila Jumatano mchana walikutana kula, wamejivika mishipi ya zambarau begani, na mezani palikuwa na kengele ya shaba. Kwa mujibu wa katiba yao, neno lililosemwa kabla ya kengele kugongwa halikuwa neno. Hata nywele za mtu zingekuwa zinaungua, angesubiri kengele. Kaulimbiu yao ilichongwa juu ya mlango: TUNAHUDUMU TUKIONEKANA.

Na walikuwa na desturi moja ambayo ndiyo iliyozaa haya yote. Kila huduma iliyotolewa lazima iachiwe jiwe. Walipeleka blanketi moja hospitali, wakaweka jiwe la kumbukumbu ya blanketi. Walipanda mwarobaini, wakaweka jiwe lenye majina thelathini na manane. Mwarobaini ukakosa jua kwa sababu ya jiwe, ukafa, wakaweka jiwe la rambirambi. Kwenye mlango wa wodi ya wazazi mawe yalikuwa yamebanana kiasi kwamba wajawazito walipita kwa ubavu, na kwa mjamzito wa miezi tisa ubavu si jambo dogo.

Rais wa klabu alibadilishwa kila mwaka, na kila rais kabla ya kuachia kiti aliweka jiwe lake kando ya chemchemi, hatua moja karibu zaidi kuliko la aliyemtangulia, ili kwenye picha mvuke uonekane unapanda nyuma ya kichwa chake. Wakasogea hivyo, mwaka hadi mwaka, kama nzi wanavyosogelea kidonda. Ilipofika zamu ya Dokta Masimango, kando ya chemchemi hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kikombe. Palibaki jicho lenyewe, lile tundu ambamo maji yalichemka na kutoka.

*

Aliyeona mambo haya kwa karibu ni mzee Ngwali, mhudumu wa taulo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akifua, akianika na kukunja taulo za watu wanene, na akilala na mkewe Tausi katika chumba cha klabu nyuma ya stoo. Tausi alikuwa na baridi yabisi. Akiamka, magoti yake yalikuwa yamekunjana kama kiti cha kukunja. Basi kila alfajiri, kabla ya wakubwa kuja, Ngwali alimbeba mgongoni, akamshusha ndani ya maji ya moto, akakaa ukingoni akimsugua. Ikipita nusu saa, Tausi alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kukaanga maandazi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya ndoa yao, na Ngwali hakuidai dunia kitu kingine.

Siku moja alikuwa anaanika taulo akaona mafundi wawili wanapima jicho la chemchemi kwa kamba. Dokta Masimango alikuwa amesimama kando, tumbo mbele, anachagua upande ambao picha ingemkaa vizuri. Udokta wake ulikuwa umeletwa na posta, kutoka chuo ambacho hakuna aliyewahi kukiona, lakini karani aliyewahi kumwita Bwana Masimango alipoteza kazi siku hiyohiyo.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Taulo zimekauka?"

"Zinakauka. Samahani, Dokta, hawa mafundi... hapo wanapopima ndipo maji yanapotokea."

"Ndiyo maana pamechaguliwa, mzee wangu. Jiwe la Karne haliwezi kukaa pembeni kama mawe ya wale waliotangulia."

"Sasa likikaa hapo, maji yatapita wapi?"

Dokta akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa njia na mbuzi.

"Ngwali, maji haya yana miaka mia ya historia. Unadhani yatashindwa na saruji?"

"Dokta, maji hayajui historia. Yanajua tundu."

"Hilo ulilete kwenye kikao."

Jumatano Ngwali akalileta. Alisimama mlangoni na taulo begani, akaeleza kwa sauti yake yote, akataja mpaka magoti ya mkewe. Lakini kengele hugongewa wanachama tu, na yeye hakuwa mwanachama. Kumbukumbu za kikao zipo hadi leo, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Mhudumu wa taulo alisimama akatoa sauti. Haikusikika. Wajumbe waliendelea na samaki."

*

Jiwe la Karne lilizinduliwa na Waziri wa Mvuke mwenyewe. Saruji ilikuja kwa malori matatu, na mwenye kiwanda alipigiwa makofi kwa kila lori. Waziri alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na tisa.

"Ndugu Wahudumu!" alinguruma. "Maji bila jiwe ni nini? Ni maji tu! Mbuzi naye anakunywa maji! Lakini maji yenye jiwe, ndugu zangu, hayo ni urithi!"

Ngwali alisimama nyuma amekumbatia taulo zake, macho yake hayakuwa kwa Waziri bali kwenye hodhi. Kufika ukurasa wa kumi na moja, ardhi iliguna kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Maji yakashuka shubiri moja, yakaacha mstari wa ukoko kwenye vigae. Wageni wakageuka. Dokta Masimango akagonga kengele haraka.

"Mmeona?" akasema. "Chemchemi imeinamisha kichwa mbele ya Mheshimiwa Waziri!"

Makofi yalipigwa mpaka mikono ikawasha. Ngwali akachovya kidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Siku ya tatu yalikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Mahali pengine watu wangeleta nyundo wakabomoa, yakaisha. Fukutoni si mahali pengine. Kubomoa jiwe la rais wa klabu kulikuwa kosa la kikatiba, na isitoshe jiwe lilikuwa limeshapigwa picha. Klabu ikaunda kamati mbili. Kamati ya Joto ilipaka rangi kipimajoto cha ukutani, mshale ukabaki juu kabisa, ikawa inampa kila aliyeoga cheti kinachothibitisha kwamba ameungua kidogo. Kamati ya Harufu nayo ilikumbuka kwamba chemchemi ya zamani ilinuka kama mayai viza, kwa sababu ya madini. Sasa haikunuka, na wageni walikuwa wameanza kuuliza. Ikaamuliwa kwamba kila asubuhi Ngwali apasue mayai viza thelathini ndani ya hodhi, akoroge.

Na Ngwali alipasua. Tusimtetee. Chumba alicholala kilikuwa cha klabu, mwili wake ulikuwa umezeeka, na mtu aliyekunja taulo miaka thelathini na mmoja hujikunja naye bila kujua. Aliziba pua kwa kanga ya mkewe, akapasua, akakoroga kwa mpini wa fagio.

Jumatano ikifika, waheshimiwa walivua nguo wakaingia. Midomo iliwageuka zambarau kama mishipi yao, meno yaligongana.

"A-a-aah! Joto hili, joto hili!" alilia mkurugenzi, akitetemeka.

"L-leo limezidi," alisema daktari wa mifugo. "Linachoma mpaka kwenye mfupa."

Utando wa yai uliganda kwenye masharubu ya Dokta Masimango. Akaupangusa kwa ulimi, akatafakari, akatangaza kwamba madini yameongezeka. Wenzake wakalamba masharubu yao kwa zamu, wakaafiki. Mgeni mmoja kutoka mji wa jirani alithubutu kusema maji ni baridi na yana uvundo. Daktari wa mifugo akampima palepale, akamkuta na maradhi ya kutohisi, akamwandikia kuoga mara mbili zaidi.

Ngwali alimbeba Tausi mle mara moja tu. Alimshusha, akamwona anakakamaa, akamtoa mbio. Tausi alikaa ukingoni, kiini cha yai kimemning'inia sikioni, akimtazama mumewe.

"Ngwali."

"Naam, mke wangu."

"Hili ni bwawa la vyura waliokufa."

"Nyamaza, watatusikia."

"Watasikiaje na kengele haijagongwa?" Akajaribu kunyoosha goti, likagoma. "Miaka yote hii nilijua nimeolewa na mtu maskini. Sikujua nimeolewa na mwiko wa kukorogea uvundo. Nirudishe ndani. Na hiyo kanga yangu ya kuzibia pua usinirudishie."

Tangu siku hiyo Tausi hakunyanyuka mkekani. Maandazi yalikoma, na vile vicheko vyake vya asubuhi navyo.

*

Maji yenye nguvu ya kuchemka hayafi kwa hotuba. Yanatafuta pengine. Aliyeyapata alikuwa Chonge, mchinjaji wa machinjioni, mtu mwenye mikono kama mapanga na mdomo usio na breki. Alimwita Ngwali, aliyekuwa anatoka kutafuta mayai.

"We mzee wa taulo! Njoo uone kitu. Halafu uniambie kama nimelewa."

Akampitisha kwenye marundo ya pembe na kwato, akampitisha kwenye mfereji wa damu uliokwenda kumwaga kwenye shimo kubwa la uchafu, wakazunguka nyuma ya banda la ngozi, mahali ambapo harufu ilimpiga mtu kama kofi. Na pale, kati ya mawe mawili, maji yalikuwa yanachemka. Meupe, safi, yanatoa mvuke.

"Yalianza siku ile ile ya jiwe lenu," Chonge akasema. "Mimi nanyonyolea vichwa vya mbuzi. Manyoya yanatoka yenyewe, kama yameambiwa."

Ngwali alipiga magoti. Akachovya kidole, kikaungua. Akakitia mdomoni kama mtoto, machozi yakamtoka, akadanganya kwamba ni moshi.

Siku nne alichimba na kupanga mawe kwa mikono yake. Chonge alimletea mlango mbovu wa kuwa kizuizi. Siku ya tano, alfajiri, akambeba Tausi.

"Unanipeleka wapi? Mbona kunanuka mizoga?"

"Vumilia."

"Ngwali, kama umenichoka sema, usinipeleke kwa mchinjaji."

Akamshusha.  Maji yakampanda hadi shingoni, na utumbo wa mbuzi ulikuwa umeanikwa juu ya kichwa chake kama mapambo ya arusi. Baada ya nusu saa akanyoosha goti la kulia. Halafu la kushoto. Halafu akasimama, akaangua kicheko kile cha zamani, mpaka Chonge akaja na kisu mkononi kuuliza kuna nini.

"Sasa unaweza kunirudishia kanga yangu," Tausi akamwambia mumewe.

Kuanzia hapo wagonjwa wakaanza kuja, mmoja mmoja, wameziba pua, wakaondoka wamenyooka.

*

Mtu aliyekuwa anatembelea magongo akionekana sokoni anakimbizana na mwizi wa viazi, habari hazifichiki. Siku ya kumi na mbili Dokta Masimango alifika machinjioni na wajumbe sita, kila mmoja na leso puani. Watu hawa, ambao kila Jumatano walilamba mayai viza kwenye masharubu, hawakuweza kuvumilia harufu ya nyama ya ng'ombe waliyokuwa wanaila.

Ngwali alidhani wamekuja kumfukuza. Laiti angefukuzwa.

"Mzee wetu," alisema Dokta kwa sauti tamu, akagonga kengele ndogo ya mkononi. "Klabu imepata habari kwamba hapa kuna huduma inayotolewa bila jiwe. Hilo ni kosa. Lakini sisi ni watu wa upendo. Tumeamua kukutunuku. Utakuwa Mhisani wa Mwaka, na Waziri atakuja kukuwekea jiwe kubwa kuliko la Karne. Tuonyeshe tu jicho lilipo."

 Ngwali akayaona magoti ya Tausi yakijikunja upya, moja, halafu la pili, na safari hii hapangekuwa na pengine.

"Dokta, msinipe kitu. Mimi sistahili."

"Unyenyekevu wako utaandikwa kwenye jiwe."

"Liwekeni mbali kidogo, basi. Hatua mbili tu."

"Picha bila mvuke?" Dokta alicheka, na wajumbe sita wakacheka ndani ya leso. "Jumatano ijayo. Andaa mahali."

Walipoondoka Ngwali alikaa juu ya kichwa cha ng'ombe. Chonge alikuwa ananoa kisu.

"Wanataka jicho lenye mvuke?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wanalijua lilipo?"

"Hawajafika nyuma ya banda. Hawakuweza."

Chonge akanyoosha kisu kuelekea shimo la uchafu, lile ambamo mfereji wa damu na mavi ya matumboni ulimwaga kila kitu cha machinjioni.

"Shimo lile nalo ni la moto, mzee. Ukilimwagia ndoo kumi za maji yanayochemka."

Ngwali akamtazama. Kisha akamtazama Tausi, aliyekuwa anakuja na sinia la maandazi kichwani, anatembea. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, mzee wa taulo akakunjuka.

"Ishirini," akasema. "Waziri anapenda mvuke mwingi."

*

Jumatano ikafika. Hema lilisimikwa mbele ya shimo, viti vikavishwa vitambaa vyeupe. Shimo lilikuwa linafuka vizuri, kwa kazi ya Ngwali na Chonge tangu alfajiri. Malori manne ya saruji yalimwaga, likajengwa juu ya mdomo wa shimo jiwe refu kama mlango wa msikiti, na juu yake majina thelathini na manane kwa herufi za dhahabu, kisha "na wengineo". Wengineo ndiye Ngwali.

Kwa ajili ya karamu ya wageni klabu ilikuwa imeagiza ng'ombe kumi na wanane wachinjwe. Chonge aliwachinja asubuhi hiyohiyo, wote, na kuwapasua matumbo, na kufungulia mabomba ya kuoshea. Mfereji ukashusha kila kitu kuelekea shimo. Shimo lilikuwa na jiwe.

Waziri alikuwa ukurasa wa sita pale viatu vya mstari wa mbele vilipoanza kulowa. Ilikuwa nyekundu kwanza, halafu kijani, nzito, yenye mapovu, na majani yaliyotafunwa nusu yakielea juu yake. Ilikuwa bado ina joto la ng'ombe. Harufu yake iliwainua kunguru kutoka kwenye paa. Mke wa mkurugenzi alifungua mdomo kupiga kelele, akakumbuka kwamba kengele haijagongwa, akaufunga.

Dokta Masimango aliangalia chini. Kitu laini kilikuwa kinapanda kwenye soksi zake. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua zote mbili, kama anavyofanya kila Jumatano, na uso wake ukang'aa.

Akagonga kengele.

"Ndugu Wahudumu! Joto limerudi! Na harufu... harufu ile ya kihistoria, mnaisikia?"

"Tunaisikia!" wakajibu thelathini na saba.

"Chemchemi imefufuka, imekuja yenyewe kumpokea Mheshimiwa Waziri!"

Waziri akaweka kurasa zake chini, akavua viatu, akakunja suruali. Akainama, akachota kwa viganja viwili, akanawa uso. Wapiga picha walikimbilia. Baada yake wakavua wote, mishipi ya zambarau ikabaki mabegani, wakaketi ndani, wakamwagiana vichwani, wakasuguana migongo kwa vipande vya utumbo vilivyopita, wakisifu ulaini wake. Daktari wa mifugo, ambaye kazi yake ilikuwa kuvijua vitu hivyo kwa majina, alijipaka usoni akasema ni madini. Kamati ya Joto iligawa vyeti palepale, na kwa mara ya kwanza vilikuwa vinasema ukweli kidogo.

Wanaoga mle hadi leo, kila Jumatano, kabla ya samaki. Ngwali huwapa taulo. Huwanyooshea kwa ncha ya kijiti.

Siku ile ya kwanza Tausi alipita nyuma ya hema akitoka kuoga kwenye maji ya moto nyuma ya banda, nywele zimelowa, anatembea wima na kanga yake safi. Akasimama, akachungulia.

"Mume wangu, wale wanaoga nini?"

"Historia," alisema Ngwali.

Tausi akaziba pua, akakusanya kanga, akaondoka mbio.